Kufuli la tovuti: namna wapangaji wa seva moja walivyopata kitambulisho chao

Mtu anafungua tovuti ndogo kwenye simu, na juu kabisa, pembeni ya anwani, simu inaandika « Non sécurisé ». Wengi wanapita bila kusimama. Lakini kwa familia iliyokimbia vita, ambayo inaandika kwenye ukurasa huo majina ya watoto, namba ya simu na kijiji ilikotoka, maneno hayo mawili yana uzito. Yanasema kwamba kati ya simu na tovuti njia iko wazi, na mtu mwingine anaweza kusoma.

Leo tovuti nyingi hazina tena onyo hilo, hata zile za redio za jamii na za vyama vidogo visivyo na pesa. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kwa miaka ishirini hivi, usalama huo ulikuwa hasa mali ya benki na maduka makubwa. Namna ulivyofika kwa wadogo ni historia inayofaa kujulikana, kwa sababu inaonyesha pia kile ambacho kufuli haliwezi kumfanyia mtu.

Barua isiyo na bahasha

Ukurasa wa tovuti haukai ndani ya simu. Unatoka kwenye seva, yaani kompyuta inayowaka usiku na mchana, mara nyingi mbali, Ulaya au Marekani. Kabla ya kufika Bukavu, Bunia au Kalemie unapita mikononi mwa wengi: wenye nyaya za baharini, wenye mitambo ya katikati, wenye minara ya simu, na mara nyingine mwenye Wi-Fi ya siba au ya hoteli. Zamani ukurasa ulisafiri kama barua isiyo na bahasha. Kila aliyeishika njiani aliweza kuisoma, na mwenye nia mbaya aliweza kuongeza mstari wake.

Mwaka 1994 kampuni ya Netscape ya California, iliyotengeneza kivinjari cha kufungulia tovuti, ilianza kutafuta bahasha. Sababu ilikuwa biashara: nani angekubali kuandika namba ya kadi yake ya benki kwenye barua iliyo wazi? Kanuni walizotunga ziliitwa SSL. Toleo la kwanza halikuwahi kutolewa kwa watu. La pili lilitoka mwaka 1995 likiwa na makosa, na la tatu lilitoka mwaka 1996. Mkuu wa sayansi wa Netscape wakati huo alikuwa Taher Elgamal, mzaliwa wa Misri. Mwaka 1999 kanuni hizo zilirekebishwa na kupewa jina la TLS, na matoleo yake mapya ndiyo yanayotumika mpaka leo. Tovuti inayotumia bahasha hiyo anwani yake inaanza na https, siyo http.

Lakini bahasha peke yake haitoshi. Mtu anaweza kufunga barua vizuri sana, halafu akaikabidhi kwa tapeli anayejidai kuwa ndiye mwenyewe. Ndiyo maana SSL ilidai kitu cha pili: cheti. Cheti cha usalama kinafanya kazi kama kadi ya mpiga kura ambayo Wakongomani wengi wanaitumia kama kitambulisho. Kina jina la mwenye nacho na muhuri wa ofisi iliyokitoa, na juu ya hayo kina tarehe ya kuisha. Kivinjari kinakikubali tu kama kinaitambua ofisi hiyo. Orodha ya ofisi zinazotambuliwa imehifadhiwa ndani ya simu au kompyuta yenyewe.

Kazi ya kutia muhuri ikawa biashara kubwa. Kampuni ya VeriSign ilianzishwa Marekani mwaka 1995. Mwaka huohuo, huko Afrika Kusini, kijana Mark Shuttleworth alianzisha kampuni ya Thawte, nayo ikauza vyeti nje ya Afrika. Desemba 1999 VeriSign ilitangaza kuinunua Thawte kwa dola milioni 575 hivi. Bei hiyo inaonyesha muhuri ulikuwa na thamani gani. Cheti kimoja cha VeriSign kiligharimu mamia ya dola kwa mwaka. Benki iliweza kulipa. Chama cha wakulima au redio ya mtaa hawakuweza.

Kiwanja kimoja, mlango mmoja

Pesa haikuwa kizuizi pekee. Kulikuwa na kingine, ambacho hata aliyekuwa na pesa alikikuta.

Tovuti ndogo haina seva yake. Inapanga. Kampuni moja inakuwa na seva, na ndani yake inaweka tovuti mia mbili, tatu au zaidi, kila moja ikilipa dola chache kwa mwezi. Ni kama kiwanja kikubwa chenye nyumba nyingi na mlango mmoja wa barabarani. Mlango huo ni namba ya IP, yaani anwani ambayo kompyuta zinatumia kutafutana.

Mgeni akifika mlangoni, mlinzi atajuaje anamtafuta mpangaji gani? Kanuni za mwaka 1997 zilitoa jibu rahisi: kila ombi la kivinjari liseme jina la tovuti inayotafutwa. Mgeni anasema, « Namtafuta fulani », mlinzi anamwelekeza. Kwa njia hiyo tovuti nyingi ziliweza kukaa pamoja kwenye namba moja, na bei ya kupanga ikashuka. Makanisa, shule, magazeti madogo na vyama vya raia vikapata nafasi yao kwenye intaneti.

Shida ilianza pale mpangaji mmoja alipotaka cheti. Kanuni za SSL zilitaka kitambulisho kionyeshwe kwanza, kabla mgeni hajafungua kinywa, ili kila neno litakalofuata liwe tayari ndani ya bahasha. Sasa mlinzi anaombwa kitambulisho cha mpangaji ambaye jina lake bado halijatajwa. Atatoa cha nani? Akitoa kisicho chenyewe, kivinjari kinapiga kelele kwamba jina haliendani. Dawa ikawa moja: kila mpangaji anayetaka cheti apewe mlango wake wa barabarani, yaani namba yake ya IP, na ailipie kila mwezi.

Kampuni nyingine za seva zilijaribu njia ya mkato. Ziliweka cheti kimoja chenye jina la kampuni, na mpangaji akakitumia kwa kupitisha wateja wake kwenye anwani ya kampuni. Kufuli lilionekana, lakini lilibeba jina la mwenye kiwanja, si la mpangaji.

Na milango yenyewe ilikuwa inaisha. Namba za IP za mfumo wa zamani hazifiki bilioni 4.3 kwa dunia nzima. Tarehe 3 Februari 2011 mafungu ya mwisho yaligawiwa kwa mashirika matano ya mabara, likiwemo AFRINIC la Afrika. Tangu hapo kumpa kila mpangaji namba yake lilizidi kuwa jambo gumu.

Mgeni anasema jina kwanza

Dawa ya shida hiyo ilikuwa imeandikwa tangu mwaka 2003. Inaitwa SNI, na wazo lake ni dogo: mgeni ataje jina la anayemtafuta mlangoni, kabla kitambulisho hakijaombwa. Mlinzi akisikia jina, anatoa cheti kinachofaa, na maneno mengine yote yanaendelea ndani ya bahasha. Kwa njia hiyo kiwanja chenye mlango mmoja kinaweza kuwa na vyeti mia mbili.

Wazo dogo, lakini lilichukua miaka kumi kufika kwa watu. Ilibidi wageni wote wajifunze tabia mpya. Firefox ilijifunza mwaka 2006. Programu ya Apache, iliyoendesha seva nyingi sana duniani, ilijifunza mwaka 2009. Lakini kompyuta zenye Windows XP, zilizojaa kwenye masiba na maofisi, hazikujifunza kamwe kupitia Internet Explorer yake. Simu za kwanza za Android nazo hazikujua. Mwenye tovuti aliyetegemea SNI alikuwa anawafungia nje wasomaji wake maskini zaidi, kwa hiyo wengi walisubiri. Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP mwezi wa Aprili 2014, na baada ya hapo kisingizio cha kusubiri kilipungua mwaka hadi mwaka.

Njia iliyo wazi ilivyowaumiza watu

Wakati wapangaji wanasubiri, matukio yalikuwa yanaonyesha bei ya kukaa bila bahasha.

Oktoba 2010 Mmarekani Eric Butler alitoa programu iliyoitwa Firesheep. Aliyekaa nayo kwenye Wi-Fi ya pamoja aliweza kuingia kwenye akaunti za Facebook au Twitter za jirani yake kwa kubonyeza tu. Butler hakuvumbua tundu hilo. Alitaka lionekane, ili kampuni zilizokuwa zikilijua zizibe.

Miezi michache baadaye, Tunisia, jambo lilikuwa zito zaidi. Wakati wa maandamano yaliyomwondoa Rais Ben Ali Januari 2011, mistari ya siri iliingizwa ndani ya kurasa za kuingilia Facebook na barua pepe wakati zikipita kwenye mitandao ya nchi hiyo. Mistari hiyo iliiba maneno ya siri ya watumiaji, na akaunti za waandishi na wanaharakati zikavamiwa. Wizi huo uliwezekana kwa sababu kurasa zilisafiri bila bahasha. Facebook ilijibu kwa kuwapitisha watumiaji wa Tunisia kwenye https.

Mwaka huohuo wa 2011 ofisi za muhuri zenyewe zilipata aibu. Wavamizi waliingia ndani ya DigiNotar, kampuni ya Uholanzi, wakajitolea vyeti vya uongo, kimojawapo cha Google, na kikatumika kuwapeleleza watu wa Iran. Vivinjari viliifuta DigiNotar kwenye orodha zao, na mwezi wa Septemba ikafilisika. Watu wakajifunza kwamba cheti cha bei kubwa si dhamana ya uaminifu wa aliyekiuza.

Halafu Juni 2013 nyaraka za Edward Snowden zilionyesha jinsi mashirika ya ujasusi yalivyokuwa yakikusanya mawasiliano ya watu kwa wingi. Baada ya hapo swali lilikuwa moja: bahasha zitawafikiaje wote?

Cheti cha bure

Jibu lilitoka kwa watu waliokuwa wakilifanyia kazi tangu mwaka 2012: Josh Aas na Eric Rescorla wa Mozilla, Peter Eckersley wa shirika la kutetea haki za mtandaoni la EFF, na J. Alex Halderman wa chuo kikuu cha Michigan. Novemba 2014 walitangaza ofisi mpya ya muhuri, Let's Encrypt, isiyo ya biashara. Cheti chake cha kwanza kilitolewa Septemba 2015, na tarehe 3 Desemba 2015 mlango ulifunguliwa kwa kila mtu.

Haikuwa bei peke yake iliyobadilika. Zamani mwenye tovuti alijaza fomu, akalipa, akangoja barua pepe, kisha fundi akabandika cheti kwa mkono. Let's Encrypt iliikabidhi kazi hiyo kwa mashine. Seva inaomba cheti, ofisi inajibu: « Kama tovuti hii ni yako, weka faili lenye maneno haya mahali hapa. » Seva inaliweka, ofisi inakuja kuliangalia, na cheti kinatoka kwa muda mfupi. Kinaishi siku 90 tu, halafu mashine inaomba kingine.

Kwa wapangaji wa seva ya pamoja ndipo mambo yalipokutana: SNI ilikuwa imeondoa haja ya mlango wa peke yake, na Let's Encrypt iliondoa bei. Mwaka 2016 cPanel, programu ambayo kampuni nyingi za kupangisha tovuti zinaitumia kama ofisi ya mpangaji, iliweka AutoSSL, inayowaombea wapangaji wote vyeti bila wao kuomba. Februari 2020 Let's Encrypt ilitangaza kwamba imeshatoa vyeti bilioni moja.

Upande wa vivinjari nao ulibadilika. Januari 2017 Chrome na Firefox zilianza kuonya kwenye kurasa za http zinazoomba neno la siri. Julai 2018 Chrome ikaanza kuandika « Non sécurisé » kwenye kila tovuti ya http. Zamani aliye salama ndiye aliyevaa alama. Sasa aliye wazi ndiye anayeonyeshwa kidole.

Mambo yanayokwamisha

Kwa mwenye tovuti ndogo, kuweka cheti leo ni kazi ya dakika chache, lakini mitego ni ileile kila mahali. Wa kwanza ni jina. Cheti kinafaa kwa majina yaliyoandikwa ndani yake tu. Tovuti ikifunguka kwa jina lenye www na kwa jina lisilo nayo, yote mawili lazima yaandikwe. Wa pili ni kuhama: mwenye tovuti akibadilisha kampuni, lakini jina bado linaelekeza kwenye seva ya zamani, ofisi ya muhuri italitafuta faili lake mahali lisipo, na cheti kitakataliwa. Wa tatu ni mlango wa zamani: cheti kikishawekwa, anayeandika http lazima aelekezwe kwenye https, la sivyo wasomaji wataendelea kuingia pasipo bahasha. Wa nne ni picha au sauti ambazo ndani ya ukurasa bado zimeandikwa kwa anwani ya http. Kivinjari kinaweza kuzizuia, na kipindi cha redio kisisikike.

Wa tano ni wa kibinadamu. Tovuti ilitengenezwa na kijana mmoja, kijana amehama, na neno la siri la seva limehama naye. Siku cheti kinapogoma kujirudisha, hakuna anayejua mlango wa ofisi uko wapi. Wasomaji wanakuta « Votre connexion n'est pas privée » na wanageuka.

Simu za zamani nazo zina historia yao. Novemba 2020 Let's Encrypt ilionya kwamba theluthi moja hivi ya simu za Android zilikuwa na toleo la chini ya 7.1, ambalo halikuwa na jina la ofisi hiyo kwenye orodha yake. Muhuri mkongwe uliokuwa ukiidhamini ulikuwa unaisha Septemba 2021. Ilitafutwa njia ya kuziongezea simu hizo muda, nayo ilifika mwisho mwaka 2024. Wakati huo mwenye simu kama hiyo aliweza kuwekewa Firefox, kwa sababu kivinjari hicho kinabeba orodha yake mwenyewe. Na kabla ya kulaumu tovuti, ni vizuri kuangalia tarehe ya simu. Betri ikifa kabisa, simu nyingine zinaamka zikiamini ni mwaka 1970, na kwa simu hiyo kila cheti kinaonekana hakijaanza.

Kile ambacho kufuli halisemi

Hapa ndipo familia zilizohama vita zinapaswa kuwa macho zaidi. Vyeti vya bure vilipofunguliwa kwa wote, matapeli nao walikuwa miongoni mwa wote. Mtu anaweza kununua jina linalofanana na la shirika la misaada, akapewa cheti halali, kisha akaweka ukurasa wa « kujiandikisha upate msaada ». Kufuli litaonekana, na halitakuwa linadanganya: kweli hakuna anayesoma njiani. Anayesoma ni mwizi mwenyewe, aliye mwisho wa njia.

Google yenyewe ilikiri jambo hilo. Mwaka 2023 iliondoa picha ya kufuli kwenye Chrome ya kompyuta, ikaweka alama nyingine, kwa sababu watu wengi walikuwa wanafikiri kufuli maana yake ni tovuti ya kuaminika. Kufuli linathibitisha kwamba barua imefungwa na kwamba imefika kwenye jina lililoandikwa pale juu. Kama mwenye jina hilo ni mtu mwema, cheti hakijui. Kwa hiyo kabla ya kuandika majina ya watoto, jina la tovuti lisomwe herufi kwa herufi, na kamati ya wakimbizi au ofisi ya shirika husika iulizwe kama ukurasa huo ni wao.

Kuna mipaka mingine miwili. Kwa kawaida jina analolitaja mgeni mlangoni linasikika barabarani: kampuni ya simu inaweza kujua ni tovuti gani imefunguliwa, hata kama haioni kilichosomwa. Na bahasha haifungui barabara iliyofungwa. Mwisho wa Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini Kongo kwa wiki karibu tatu. Tovuti zilizokuwa na cheti na zisizokuwa nacho zilinyamaza pamoja.

Lakini barabara ikiwa wazi, bahasha ina kazi kubwa. Mwanamke anayeituma redio habari ya kijiji chake, au baba anayeandika namba yake ili ndugu waliopotezana naye wampigie, wana haki ileile ya siri ambayo benki iliinunua mwaka 1995. Na kazi haijaisha. Aprili 2025 kampuni za vivinjari na ofisi za muhuri zilikubaliana kufupisha maisha ya vyeti vyote: siku 200 kuanzia Machi 2026, siku 100 kuanzia Machi 2027, na siku 47 kuanzia Machi 2029. Atakayeendelea kuvibandika kwa mkono atachoka. Redio au chama chenye tovuti kinaweza kuanza na maswali mawili leo: cheti chetu kinajirudisha chenyewe? Na neno la siri la seva liko kwa nani?